Farasi Aliyenirudisha Kinyumenyume Hadi kwa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibishwa mchana kweupe. Aliyeniaibisha ana miguu minne, na kosa ni langu.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa punda. Miaka kumi na minne nauza maji mtaani Muyeye kwa mkokoteni, na hajatokea punda wa kunishinda. Basi juzi nikasikia banda moja la farasi kando ya mji latafuta mtu wa kuwafanyisha farasi mazoezi. Nikajiambia, kazi imepata mwenyewe. Farasi ni nini? Si punda aliyesoma! (Maneno hayo niliyasema kwa sauti, mbele za watu. Mungu anisamehe.)

Mama mkwe yuko kwetu wiki hii, ametoka Ganze kumwona mjukuu. Asubuhi akasema, "Nami nakuja nione hiyo kazi." Ningemkataliaje? Binti yake aliniozesha shingo upande. Nikaona leo ndiyo siku ya kumwonyesha mimi ni nani.

Tukapokewa na mwalimu wa farasi, Sidi, msichana mwembamba, sauti ya chini. Akanitolea farasi jike aitwaye Zafarani. Nyie! Sijaona kiumbe mzuri vile. Ngozi yang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Shingo imesimama. Akanitazama kama hakimu anayesoma faili.

"Ushawahi kupanda farasi?" Sidi akauliza.

"Dada, mimi na wanyama twaelewana."

"Sikukuuliza hilo."

Hata hivyo akanivalisha kofia ngumu, akanisaidia kupanda. Kule juu ni mbali, jamani! Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya uwanja, amekaa kwenye benchi nyuma ya ua wa mbao. Nikampungia mkono kama mbunge. Shikamoo nikamrushia huko huko juu. (Heshima gani hiyo? Hata mimi nashangaa.) Hakuitika.

"Zunguka uwanja polepole," Sidi akasema.

Nikabana miguu. Zafarani akapiga hatua mbili, nikaingiwa na hofu, nikavuta hatamu. Akasimama. Nikampiga visigino. Akatikisa kichwa. Nikavuta zaidi nisianguke, nikapiga zaidi aende. Masikio yakalala nyuma.

"Legeza mikono!" Sidi akaita.

"Mwache, anadeka tu huyu!" nikamjibu.

Hapo Zafarani akaanza kwenda. Kinyumenyume! Hatua moja, mbili, tano. Nikapiga ulimi aende mbele, kama nifanyavyo kwa punda wangu. Akaongeza mwendo! Tukavuka uwanja mzima matako mbele, na nilipogeuza shingo nikaona tunakoelekea. Kwa mama mkwe.

"Katana, mwanangu," akauliza, mkia umeshakaribia leso yake, "kwani kazi yenyewe ndiyo hii?"

Kabla sijajibu, Zafarani akasimama. Akachimba mchanga kwa ukwato, akakunja magoti, akalala chini. Taratibu, kwa adabu zote. Nikabingirika, nikatua kwa magoti na viganja, mchanga mdomoni, uso kwa uso na mama mkwe, ua wa mbao katikati yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa nimeisikia."

Sidi alikuja bila kukimbia. Akanitupia jicho, akaona ni mzima, kisha akamwinua farasi na kumkagua midomo ilipovutwa na hatamu, kwa vidole, polepole.

"Ulimvuta hatamu, maana yake simama," akaniambia. "Ukampiga visigino, maana yake nenda. Vyote kwa pamoja. Yeye akafuata njia iliyobaki."

Nilikuwa nafikiria punda wangapi nimewaita wakaidi.

Sidi akapanda mwenyewe. Sikuona alichofanya. Alishusha pumzi tu, na Zafarani akaondoka, amenyooka, masikio mbele. Sidi akigeuza kiuno, farasi anageuka. Wakazunguka uwanja kwa mwendo wa kuchapuka, vumbi jembamba nyuma yao, kisha wakasimama katikati ya uwanja pamoja, kama mtu mmoja. Mama mkwe akainuka kwenye benchi akapiga vigelegele.

"Haya, rudi juu," Sidi akaniambia.

Nikarudi, mikono nimeilegeza. Na Zafarani, baada ya yote niliyomtenda, akanizungusha uwanja mzima. Mbele, jamani! Nikampapasa shingo, nikamwomba radhi kwa Kigiriama, kimya kimya, mwalimu asisikie.

Kazi nimepata. Ya kuzoa samadi. Kila jioni nitafundishwa kupanda, na nilipoambiwa hivyo nikajibu, "Ndiyo, mwalimu." Mambo ya kumwita "dada" yalishakwisha.

Kwa hiyo mkinikuta Muyeye, nisalimieni mpite. Kicheko cha mama mkwe chanitosha. Ameanza saa sita na mpaka sasa hajamaliza.