Kigari cha Baba, Si Changu Hata Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa kaitisha kikao cha familia. Mheshimiwa ni kaka yangu mkubwa. Hakuna aliyemchagua, ila akisimama kutangaza kwamba sukari imeisha utadhani anafungua daraja. Ajenda: Baba anatimiza miaka sabini Jumapili. Zawadi iwe moja, ya heshima, tuchangie yeye na mimi.

Baba ananitia huruma. Kaendesha malori maisha yake yote. Mwaka jana macho yakafifia, daktari akamkataza usukani, naye akamkabidhi Mheshimiwa funguo za pikapu bila neno. Siku hizi anaona rangi, sura haoni. Anakaa chumba cha nyuma na redio yake, na msemo wake umebaki mmoja: sawa. Chakula tayari, Baba. Sawa. Paa linavuja, Baba. Sawa. Wiki iliyopita nilimwambia kwa makusudi kwamba naacha kazi nikafuge mamba. Sawa! Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, nikalia kidogo. Baba huyu huyu alikuwa akinigombeza mpaka majirani wanasogeza viti wasikie vizuri. Ningetoa chochote anigombeze tena.

Mheshimiwa anapendekeza kiti cha kuegemea, kile cha kuvuta ukanyoosha miguu. Mtu amekaa mwaka mzima, halafu tumpe kiti! Hilo nilisema moyoni. Kwa mdomo nilisema wazo zuri sana, kaka, niachie mimi nikatafute, si unajua niko kwenye biashara ya vitu laini. Nauza magodoro. Akakubali. Nashukuru kuwa na kaka anayeniamini kila mara. Hajifunzi.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya kazi nikapita duka la vigari vya rimoti kutafuta kiti. Hawauzi viti. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia, nikaona si adabu kutoka bila kutazama.

Viko vya aina mbili. Vya betri: kimya, safi, unachaji kama simu. Na vya nitro: vina injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, vinakunywa mafuta, vinakohoa, vinatoa moshi. Dada wa dukani akawasha kimoja pale mlangoni. Mlio! Vinyweleo vilinisimama. Palepale nikajua Baba anahitaji nini. Nafsi yangu hata sikuifikiria, isipokuwa mara mbili tatu.

Dada wa dukani ana subira ya mwalimu wa chekechea. Alinishauri nichukue kilichoundwa tayari, cha kutoa boksini na kukimbiza, si cha kuunganisha mwenyewe. Kiwe cha kuwashwa kwa kamba. Na kiwe na spea dukani, kwa sababu kitavunjika. Nikamwambia changu hakitavunjika. Akasema vizuri, akanionyesha spea. Nikauliza kipi kina mbio kuliko vyote. Akauliza kama dereva ana uzoefu. Nikasema kaendesha malori. Hakucheka. Mtu wa maana sana yule.

Nilitaka cheusi, chenye meno ya papa ubavuni. Kimenunuliwa asubuhi hii na daktari wa meno! Kilichobaki ni cha rangi ya machungwa, kama fulana za watengeneza barabara. Nikanuna. Nikabishana. Nikamwomba aniwekee.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwandikia Mheshimiwa kwamba viti vimepitwa na wakati, nimepata kifaa cha mazoezi ya macho, masikio na vidole, kinachopendekezwa kwa wazee. Akauliza kinapendekezwa na nani. Nikajibu wataalamu. Akatuma mchango wake pamoja na pongezi. Namshukuru aliyebuni ujumbe wa simu. Ana kwa ana uso wangu ungeniumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekinunua! Dada wa dukani alinieleza kwa kirefu. Mafuta ni yake maalumu, petroli marufuku. Plagi ina kiwashio chake, kinauzwa pembeni. Rimoti inataka betri mpya. Injini mpya inazoezwa kwanza, polepole, haikamuliwi. Nilitikisa kichwa kila alipovuta pumzi. Kusema kweli nilikuwa nanusa boksi.

Mafuta na kiwashio nilinunua kwa sababu alikwisha kuniwekea mkononi. Betri nilikataa katakata. Betri ziko kila mahali, nani anunue?

Nimelificha boksi stoo kazini, nyuma ya magodoro ya watoto.

Ijumaa, 7 Machi

Lo! Lo!

Mpango ulikuwa safi. Bosi huenda kula saa saba, hurudi saa nane, tumbo mbele. Katika saa hiyo nijaribu kigari stoo, kidogo tu, ili Jumapili nisiumbuke mbele ya Mheshimiwa. Rimoti haina betri. Nikapanda kiti, nikachomoa za saa ya ukutani. Akili hizo!

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nikaongeza mafuta. Nikavuta mpaka bega likaomba msamaha. Kila nilipopumzika nilitupia jicho saa ya ukutani: saa saba na dakika tano. Muda tele. Nikavuta tena. Saa saba na dakika tano. Nikashangaa jinsi muda unavyokwenda taratibu mtu akifanya anachokipenda.

Ghafla kikawaka! Machozi yalinitoka, kwa furaha na kwa moshi. Nikakiweka chini. Sasa, betri za saa zimezoea kusukuma mishale tu. Rimoti ikanifia mkononi, na kigari kikaondoka na mambo yake. Kikatoka stoo. Kikapanda rundo la mito. Kikaruka juu ya mzee mstaafu aliyekuwa amelala akipima godoro la mgongo. Kikatua kwenye godoro la maonyesho dirishani, lile jeupe, kikalala chali kikilitemea mafuta, mtaa mzima ukitazama. Na mlangoni Bosi, kijiti cha meno mdomoni. Ilikuwa saa nane. Dunia nzima ilijua isipokuwa ukuta wetu.

Bosi hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ya chini nichague: nibebe godoro lile nyumbani likatwe kwenye mshahara, au nibebe vitu vyangu nyumbani moja kwa moja. Hapo injini ikazimika, na mzee mstaafu akaamka. Akauliza mbona kimya. Tukaelewa kwamba alilala muda wote ule! Akasema hajapata usingizi wa namna ile tangu astaafu, akalinunua godoro lake bila kuomba apunguziwe. Bosi akalainika, akanibakiza kazini, ila godoro nilibebe. Nashukuru. Nimemsindikiza mzee mpaka barabarani nikiwa nimemshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika nyumbani na godoro juu ya mkokoteni. Ifahamike kwamba mke wangu, mke wa muuza magodoro, amelala miaka yote hii kwenye godoro lenye bonde katikati. Akashika mdomo. Alidhani nimemnunulia. Sikuona faida ya kumvunja moyo. Madoa nikasema ni ya safari. Akasema watu wanakudharau bure, mume wangu. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, ikakaa kidogo, ikashuka. Tumelala mchana, wote wawili, kwa majaribio. Kumbe magodoro yetu ni mazuri hivi! Nimeyauza miaka mingi nikidhani nasema uongo.

Jioni nimempelekea dada wa dukani kigari akikague. Hakijaumia, kimejaa nyuzi za mto tu. Akakisafisha. Akaniwekea betri mpya mkononi, asiseme lolote. Mungu awazidishie watu wasiosema "si nilikwambia".

Jumapili, 9 Machi

Tulikusanyika kwa Baba na Mama, na Mheshimiwa alihutubia. Alizungumzia umri, shukrani, na vifaa vya kisasa vya tiba. Kisha akafungua boksi kwa mikono yake mwenyewe, kikatoka kigari cha rangi ya machungwa chenye matairi ya vipele.

Watoto wake wakapiga makofi, wakakatazwa. Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema nimemletea mtu asiyeona mchezo wa kutazama. Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa halijanipitia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimejiwazia mimi. Baba alipapasa kigari kidogo, akasema sawa, akarudi chumbani.

Nikakibeba mpaka uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna anayenitazama. Nikavuta kamba mara moja, kikawaka. Kwa hasira na huzuni nikabonyeza mpaka mwisho. Kikapiga kelele kwenda na kurudi, vumbi juu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba, bila viatu, mkono ukutani. Nikadhani kelele zimemuudhi. Zilimuudhi kweli!

"Punda wewe! Injini mpya unaikamua hivyo? Nani alikufundisha? Zima! Zima kabla hujaiua!"

Punda! Nikazima. Nikasimama wima, mikono nyuma. Hakuishia hapo. Alisema nina mkono wa mtu anayeua mbu. Akakumbusha klachi ya pikapu, na gia, na lile geti la shule nililoligonga. Majirani wakachungulia. Mama akazima redio, akafungua dirisha zaidi asikose neno. Baba akamwagiza Mheshimiwa alete tofali, na Mheshimiwa, na suti yake, akaenda kuleta tofali!

Kigari kikapandishwa juu ya tofali, magurudumu hewani. Injini ikaachwa ipumue polepole. Tangi likiisha, ipoe. Tangi jingine. Baba kachuchumaa, sikio karibu, anazungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo kwa ncha ya bisibisi. Anasema hapa imeshiba mno, hapa ina njaa, hapa sasa, sikilizeni. Moshi ukimpiga usoni anavuta pumzi. Alisema si dizeli, lakini ni ukoo mmoja. Aliongea mchana kutwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kigugumizi kidogo akiwa na furaha.

Jua lilipopungua akaomba rimoti. Akakiona! Si chote, doa tu la rangi ya machungwa kwenye vumbi. Kilipokwenda mbali doa likampotea, akafuata mlio, akajua kwa sikio kinapanda au kinakata kona. Kikamgonga Mheshimiwa mguuni, na siamini ilikuwa bahati mbaya. Baba akacheka mpaka akashika magoti.

Kingekuwa cha betri asingekisikia. Kingekuwa cheusi asingekiona. Nilichagua kwa tamaa, nikapewa nisichokitaka, na bado mambo yametokea hivi. Sijui nianze kumshukuru nani. Nimemshukuru Mungu, kisha yule daktari wa meno. Nimeitwa punda mbele ya mtaa mzima, na nikitembea kurudi nyumbani nilikuwa nikilirudia neno lile polepole, nisilisahau lilivyosikika.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Baba baada ya kazi, niendeshe mara moja tu. Nimekataliwa! Baba anasema rimoti nitaishika nikishajua kuheshimu mashine, labda mwakani. Kwa sasa mimi ni mbeba mafuta. Mheshimiwa, yule aliyetaka kiti, ameruhusiwa kuvuta kamba! Ameanza hata kuja na glavu. Nikabaki pembeni nimevimba, mpaka Baba aliponifokea kwamba nashika chupa kana kwamba ndani mna nyoka. Basi moyo wangu ukatulia. Nilimwitikia ndiyo, Baba, samahani, Baba, na nikaishika vibaya zaidi ili aendelee.

Anayenipa wasiwasi sasa ni Mama. Nimemkuta sebuleni peke yake, miguu juu ya stuli, chai mkononi. Amesema hajapata mchana mtulivu kama huu tangu mwaka jana, na kwamba anamshukuru Mungu, na kwamba nikitoka nifunge mlango. Maskini! Anaficha upweke.

Nimepita dukani njiani. Kuna boti ya nitro, ina mbio ajabu. Mama anaogopa maji, hata bwawa la bustani hulipitia mbali, kwa hiyo itabidi niwe namwendeshea mimi.