Baba Haingii Nyumba Yake, Bima Inakataa

Kebirigo,
Machi 1972.

Kwa Bwana Meneja wa Bima, Kisii Mjini.

Bwana Meneja,

Nakusalimu kwa heshima hapo ulipo kwenye kiti chako cha kuzunguka. Mimi ni Onsongo, kifungua mimba wa Mzee Mogire wa Manga, mkulima wa chai. Darasa la saba nililipenda hata nikalisoma mara mbili, kwa hiyo barua hii naiandika mwenyewe.

Baba ana nyumba mbili. Ya kwanza iko Manga, anakaa huko na mama. Ya pili, ya mabati, iko hapa Kebirigo nyuma ya soko, na ndani tumo mimi na mke wangu Nyangate. Hatulipi kodi, maana mtu halipi kodi kwa baba yake. Baba alipotaka kuikatia bima ya moto, mlimtuma Bwana Ishmael, kijana wenu wa Nairobi mwenye tai, aje kuikagua. Sasa mmekataa, na baba ameniambia nihame. Basi nalalamika hivi:

1. Bwana Ishmael alimwambia baba atangulie ndani. Baba akabaki uani anatazama migomba. Bwana Ishmael akaandika: "Mwenye nyumba anaogopa kuingia. Nyumba ni ya hatari." Bwana Meneja, baba haogopi. Sisi Wakisii tuna chinsoni, yaani heshima ya wazazi na watoto, na baba hakanyagi sakafu ya mwanawe aliyeoa. Bwana Ishmael angeuliza tu. Mdomo hautozwi kodi.

2. Nilimweleza Bwana Ishmael vizuri. Akasema, kama nyumba ni yako, mbona bima inakatwa na mzee? Nikamwambia nyumba ni ya baba. Akasema, basi aingie. Nikamwambia hawezi, ni yangu. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaandika: "Baba na mwana wanagombea nyumba." Hatugombei. Kwa nje ni ya baba, kwa ndani ni yangu. Hata mtoto wa darasa la pili anaelewa.

3. Aliandika pia kwamba nyumba haina mpangaji, kana kwamba mimi ni popo. Mpangaji akiona moshi anakumbuka godoro lake. Mimi nitakumbuka urithi wangu, na moto huo nitauzima hata kwa meno. Kwa haki mngemshukuru baba kwa kuniweka humu bure, na mimi mniandike kwenye bima pamoja na milango.

4. Hili ndilo linaloniuma. Baba anasema nikihama ataweza kuingia, nanyi mtampa bima. Nyangate naye amekataa kwenda Manga kugombania mafiga na mama. Amesema siku tukifunga mizigo, yeye anarudi kwao Kenyenya, na Nyangate hasemi jambo mara mbili. Akienda, sina mke. Nikiwa sina mke, baba ataingia apendavyo. Yaani mtakuwa mmekinga nyumba ya mabati na kuvunja nyumba ya mtu.

Kwa hiyo naomba mtume mkaguzi mwingine, ikiwezekana Mkisii mwenye mkwe. Baba atasimama nje dirishani na kuonyesha vyumba kwa fimbo. Mimi nitakuwa ndani nikiitikia. Miguu yake haitavuka kizingiti, maana haijavuka tangu siku niliyooa, na kijiji kizima ni shahidi.

Wasalimie makarani wote, na askari wa mlangoni aliyesema sifanani na mtu mwenye shida ya bima. Bwana Ishmael mwambie sina kinyongo, ile miwani ilimpendeza.

Ni mimi, wako wa upande wa ndani,
Onsongo Mogire

Nimesahau: huyo mkaguzi asije Jumapili alasiri. Mama ni Msabato wa kweli, hataki harufu ya pombe kule Manga, kwa hiyo saa hizo mzee huja kwangu kupumzika na mrija wake karibu na moto. Mkaguzi akibisha hodi, huenda baba mwenyewe ndiye atakayemfungulia.