Waraka Namba Saba Dhidi ya Mashairi

Mwalimu Phineas Mwadime wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, alikuwa mwana wa Gibson Mwadime, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kuchelewa ibada hata mvua ilipomeza barabara, na mjukuu wa Mwachofi, aliyeamua kesi za mipaka kwa miaka thelathini bila jiwe hata moja kuhamishwa tena. Katika ukoo huo hapakuwa na mtu wa kutiliwa shaka. Kwa hiyo, mwaka wa 1974, Idara ya Manufaa ilipomtilia shaka, kijiji kizima kilishtuka.

Tangazo lilitoka Voi. Waraka Namba Saba, wenye vifungu arobaini na kimoja, uliuarifu umma kwamba Kamati ya Kupima Manufaa imelichunguza shairi kwa miezi minane. Imelipanda, halikuota. Imelitia kwenye mizani ya mahindi, halikusogeza mshale. Hivyo basi mashairi yamepigwa marufuku. Kipindi cha ushairi ambacho Mwalimu, ingawa alikwisha kustaafu, alilifundisha darasa la sita kila Ijumaa, kitafungwa mwisho wa mwezi, na nafasi yake kuchukuliwa na somo jipya liitwalo Kunyamaza kwa Tija.

Mwalimu aliusoma waraka akiwa amesimama. Mkewe alikuwa kaburini, wanawe walikuwa Mombasa, na juma zima alilipiga pasi koti lake kwa ajili ya kipindi hicho kimoja.

Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Donald Musyimi, alikuja mwenyewe kuusoma waraka barazani. Alisoma kwa saa tatu. Kisha, kama kanuni ilivyotaka, akauliza maswali.

"Mama Wakesho, waraka umesema nini?"

"Umesema tupande nyanya."

"Mzee Reuben?"

"Mimi nimesikia kwamba sasa mtawazuia ndovu."

"Hakuna ndovu katika waraka huu!"

"Wako shambani kwangu, bwana. Waandikeni."

Bwana Musyimi akatokwa na jasho. Baada ya wiki mbili Mkaguzi wa Mkoa angekuja kuhakikisha kwamba wananchi wameushika waraka. Akamvuta Mwalimu nyuma ya Landrova.

"Mwalimu, watu hawa hukumbuka nini?"

"Hukumbuka maneno yaliyopimwa mizani yakafungwa kwa vina."

"Usiniambie shairi!"

"Sijasema."

"Basi nitungie waraka mfupi. Uwe na mizani. Uwe na vina. Ila usiwe shairi."

"Usiwe shairi," Mwalimu akakubali, kwa kuwa alilelewa kutobishana na serikali. Siku ya pili akamkabidhi:

Shairi halina nyanya, wala halina mihogo,
Halina la kutufanya, tushibe hata kidogo,
Mtu akilikusanya, apelekwe kwa vigogo,
Waraka huu wakanya, mkubwa hata mdogo.

Bwana Musyimi akatia sahihi na muhuri. Kabla ya juma kwisha, wanawake waliuimba kisimani, na Mzee Reuben aliupigia debe shambani hadi ndovu wakaondoka, jambo ambalo Idara haikuliandika popote.

Mkaguzi, Bwana Maundu, alikuwa mtu mkavu asiyecheka bila kibali.

"Waraka unasema nini?" akauliza.

Baraza lote likasimama, likaimba, Mama Wakesho akitangulia kwa vigelegele. Maundu akahesabu kwa vidole.

"Mizani kumi na sita. Vina vya kati na vya mwisho. Nani ametia sahihi shairi hili?"

"Mimi, mheshimiwa!" Bwana Musyimi akasema, kifua mbele.

"Hongera. Mkubwa hata mdogo: umeshtakiwa. Kesi husikilizwa na nani?"

"Na Mwenyekiti wa Kamati."

"Ndiye nani?"

"Ndiye... mimi."

Taratibu ni taratibu. Bwana Musyimi akajiandikia barua ya kujiita, akajikumbusha mara mbili, akafika mbele yake mwenyewe akiwa amechelewa, na akajikemea. Utetezi ulikuwa mmoja tu: kuthibitisha kwamba shairi lina manufaa. Akajitetea kwa machozi. Vifungu arobaini na kimoja havikukaa katika kichwa hata kimoja, ilhali mistari minne imekaa katika lokesheni nzima! Ua wa Idara wa kuzuia ndovu bado unasubiri kuidhinishwa, lakini ubeti umekwisha kuwafukuza! Mwenyekiti alijaribu kupinga. Mshtakiwa akamzidi hoja.

Hukumu: Waraka Namba Saba umefutwa. Mwenyekiti, kwa kuupotosha umma, atasoma ushairi darasa la sita mpaka atunge ubeti usio na kasoro.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu aliingia darasani na koti lililonyooka. Kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu, alikaa Bwana Musyimi.

"Vijana, nisikilizeni, maana sirudii," Mwalimu akasema. "Mimi ni mwana wa Gibson, mjukuu wa Mwachofi. Nyumbani kwetu hakuna aliyekula chakula cha jioni kabla ya kusema ubeti wake kwa moyo, nanyi mtafanya vivyo hivyo. Fungeni midomo, fungueni madaftari. Na wewe, Donald, keti wima."