Raketi ya Mwalimu Theopista

Jumatatu, 1 Septemba
Leo Mwalimu Theopista kaja mwenyewe hadi kibandani kwangu, hapa Bugarama! Kaleta raketi yake ya badmintoni, zawadi ya baba yake alipomaliza chuo, na pakiti mbili za uzi. Jumamosi anacheza na walimu wa Masumbwe. Kasikia nilivyomfungia uzi bwana mmoja wa mgodini, raketi ya tenisi. Ni kweli, tena nilivuta kama ninavyowamba ngoma: mguu ukutani, jasho likitiririka. Akauliza kama na hizi za badmintoni ninazijua. Nikamwambia ukoo ni mmoja. Akacheka. Nimekwisha mie.

Jumanne, 2 Septemba
Evance wa duka la simu kajipitisha. Eti raketi ipelekwe Mwanza kwa fundi anayejua. Nani kamuuliza? Naye anamtaka Theopista, asidhani sijui.
Ila huu uzi! Ule wa tenisi ulikuwa mnene, unaweza kumfungia mbuzi. Huu ni wa kushonea nguo. Fremu nayo nyepesi, ukiishika unaona haya. Nimevuta nusu ya nguvu zangu, pakiti ya kwanza ikakatika vipande vipande.

Jumatano, 3 Septemba
Nimevuta kwa adabu. Umekaa, lakini umelegea. Nikawaza: ngoma ikilegea tunafanyaje? Tunaipasha moto, ngozi inajikaza. Basi! Nikawasha jiko la mkaa, nikasogeza raketi.
Kumbe uzi si ngozi. Nusu yake imenyauka ikadondokea mkaani. Mungu wangu. Uliobaki nitaunga.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimeunga. Hasira zikanipanda. Mguu ukutani, liwalo na liwe. Ikalia ko! Safari hii si uzi, ni fremu.
Nimekaa chini nikalia, mwanamume mzima. Nampenda yule mwanamke, na nimemvunjia kitu cha baba yake.

Ijumaa, 5 Septemba
Mpango: nimwambie imeibiwa. Au imekanyagwa na fahali. Nikachagua fahali, nikajizoeza njia nzima. Alipofungua mlango, maneno yote yakanitoka. Nikamkabidhi vipande.
Akavigeuzageuza mkononi. Kisha akasema, "Bujiku, ningekuja tu kibandani kwako, hata bila raketi. Kwa nini hukuniambia hujui?"
Akanimiminia chai. Akaniomba jambo moja tu, nisijidai tena kujua nisichokijua. Nikaapa kwa Bikira Maria, na machozi yalinilengalenga.

Jumapili, 7 Septemba
Jana kacheza kwa raketi ya kuazima, kafungwa vibaya, na bado akaja kukaa kando yangu, Evance akiona!
Leo kanileta Ushirombo kwa baba yake, Mzee Selestine. Shikamoo, marahaba, nikapewa kiti. Kabla ugali haujaiva, kelele zizini. Ng'ombe wake wa maziwa anashindwa kuzaa, miguu ya ndama imetokeza na imekwama. Daktari wa mifugo hapatikani kwa simu. Mzee akanigeukia, akasema Msukuma wa Kishapu hawezi kukosa kuwajua ng'ombe. Theopista akanitazama kwa upole, akatikisa kichwa polepole.
Nikasema, "Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu."
Naandika haraka, wamekwenda kuniletea maji ya moto na sabuni. Maishani mwangu sijawahi hata kukamua. Theopista kajifunika uso kwa kitenge. Bila shaka anaona fahari.