Hatua Kumi Kutoka Ukutani

Jumatatu, 3 Agosti

Nimechaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Moto. Kwa kauli moja! Kuanzia leo kila mti, kila paa na kila roho katika kitongoji hiki iko chini yangu. Msitu wenyewe umenyamaza tangu uliposikia.

Kweli, wengi walikuwa wameshaondoka mkutanoni. Lakini waliobaki walinyoosha mikono, mpwa wangu akiwa wa kwanza. Nikawasimulia nilivyozima moto wa mlimani ujanani, siku tatu, peke yangu, kwa blanketi moja lililolowa. Mpwa akaninong'oneza kwamba mwaka jana zilikuwa siku mbili. Watoto wa siku hizi wanahesabu sana.

Bwana misitu amenikabidhi filimbi ya kuita watu moto ukizuka. Na masharti: kila nyumba isafishwe hatua kumi kuizunguka, majani makavu yatolewe paani, kuni zikae mbali na ukuta, pipa la maji lijae, na mtu asichome takataka mpaka mvua inyeshe. Hilo la mwisho nimelisoma mimi, kwa sauti ya kutisha. Mara mbili. Ijumaa anakagua, akianza na nyumba ya mwenyekiti.

Jumatano, 5 Agosti

Naishi kwa dada yangu mkubwa. Kwa muda tu. Mwaka wa sita sasa. Yeye ni fundi cherehani, na nyumba hii ameijenga kwa sindano, chumba baada ya chumba, miaka kumi na miwili. Hana nyingine. Leo ameniomba jambo moja: mdogo wangu, nitolee zile kuni ukutani kwa jiko. Ni mara ya nne kuomba. Nikamweleza kwamba mwenyekiti habebi, mwenyekiti anasimamia. Akanitazama, akabana pini midomoni, akaendelea kushona. Afadhali angenitukana.

Jirani yetu, nesi mstaafu, amefyeka uwanja wake mpaka unang'aa kama upara. Kujipendekeza tu! Anakitaka kiti changu. Akanichungulia juu ya ua nikipima hatua kumi: kisigino kwenye kidole, kisigino kwenye kidole. Akauliza kama hizo hatua ni zangu au za kifaranga. Nikamjibu kwamba bwana misitu alitaja hesabu, hakutaja miguu.

Ijumaa, 7 Agosti

Ushindi! Majani yote ya paani na uwanjani nimeyakokota nyuma ya jiko, nikayalundika juu ya zile kuni, nikafunika kwa turubai. Safi. Pipa lilikuwa tupu, kisima kiko mbali, na mgongo wangu una historia ndefu. Nikatega beseni mdomoni mwa pipa, nikajaza maji beseni tu. Ukichungulia, pipa limejaa pomoni!

Bwana misitu akachungulia, akaweka alama ya vema. Akauliza chini ya turubai kuna nini. Nikasema cherehani mbovu za dada. Akatangaza kwamba nyumba yetu iwe ya mfano, Jumatatu ataleta wageni waione. Nesi akakohoa kikohozi kisicho na dawa.

Jumamosi, 8 Agosti

Daftari linanuka moshi. Naandika hivyo hivyo.

Wageni hupenda kufunua vitu. Ikabidi majani yatoweke. Saa nne asubuhi dada alishikwa na kichwa, akavuka kwa nesi kuomba vidonge. Nikaona ndiyo nafasi. Njiti moja ya kiberiti! Nilipanga kuchoma kidogo kidogo, kistaarabu. Upepo haukuwa mjumbe wa kamati. Turubai likashika, kuni zikashika, boriti za jiko zikashika, moto ukafika mlango wa nyuma wa nyumba.

Filimbi ilikuwa shingoni. Nikaiweka mdomoni. Nikaitoa. Nikipuliza watakuja, wakija wataona umeanzia kwa nani. Basi nikamwaga beseni. Beseni likaisha. Nikaupiga moto kwa shati. Nikauomba. Muda wote huo, kimya. Kama dakika tano hivi.

Nesi ndiye aliyeona moshi, akapiga sufuria na kupiga yowe. Watu wakaja na ndoo na matawi mabichi. Pipa lake, lenye maji mpaka chini, ndilo lililookoa nyumba. Mimi niliingia ndani ya moshi, nikatoka nikikohoa, koti mwilini, mkono mmoja wa koti unafuka.

Jiko limekwisha. Chumba cha kushonea hakina paa. Moto ulielekea msituni, ukafika uwanja wa nesi, haukukuta hata jani la kutafuna. Ukafa hapo.

Jumapili, 9 Agosti

Bwana misitu amekuja. Akaokota kiberiti kando ya majivu, akauliza nani aliwasha. Nikasema upepo. Akanyoosha mkono kuomba filimbi. Nikaivua mwenyewe, kamba ikanasa sikioni, watu wote wakingoja. Akamvisha nesi. Nesi hakucheka. Alitazama pembeni. Ningelipa chochote acheke.

Mpwa wangu hajaniita mjomba tangu jana. Dada amepika kwenye jiko la nesi, akanipakulia mimi kwanza.

Jumanne, 11 Agosti

Dada amekaa kwenye cherehani, mbingu juu ya kichwa, ananitilia kiraka mkono wa koti. Anamwambia kila mteja anayeingia: semeni mtakavyo, mdogo wangu alidhani nimelala chumbani, akaingia motoni kwa ajili yangu. Kisha akanigeukia mimi, macho yamejaa. Akasema kosa ni kosa, lakini niliingia kumtafuta, na hilo hatalisahau mpaka anakufa.

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akivuka kwenda kwa nesi. Nikafungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua.

Nikamwambia kiraka kiwe chekundu, kionekane kwa mbali. Nasikia kamati inatafuta Mkuu wa Uokoaji, na sioni mwingine anayefaa.

Akauliza nilimwita mara ngapi humo ndani ya moshi. Nikasema mara tatu.

Niliingia kufuata koti.