Ganzi ya Kuposa

Jumatatu, 10 Juni 1996
Gego la mwisho, chini kushoto, limeoza. Kihara, daktari wa meno wa Kawangware, ataling'oa Jumatano. Ameonya nisitikisike kitini. Kando ya gego hilo, upande wa ndani, unapita mshipa wa fahamu unaoupa ulimi hisia na ladha. Ukikatwa, ulimi waweza kufa ganzi kwa miezi, hata milele. Sindano yake itaulaza saa chache tu.

Mshipa wa fahamu! Basi hofu nayo si hupitia humo humo? Mshipa ukilala, nayo italala. Mwaka mzima nikimwona Nthenya ulimi unakwama. Nilirudi nyumbani Kisumu Ndogo nikiota: mimi na yeye, chumba chenye dirisha, anacheka. Nikaupita mlango wangu bila kuuona.

Jumanne, 11 Juni
Mazoezi mbele ya kioo, maneno ni haya: Nimekuja kuposa. Kiswahili cha heshima, mamake Nthenya atapenda. Mutuku, fundi wa stovu, naye anamnyemelea Nthenya. Hana hata jino bovu. Maskini.

Jumatano, 12 Juni
Sindano, gego nje, moja kwa moja hadi kwa kina Nthenya, Kabiro. Nusu ya ulimi ni yangu, nusu ni ya jirani. Nilitembea kama ninaelea. Nikamwambia mamake waziwazi kwamba nimekuja kuposa. Herufi ya s ikapotelea kwenye ganzi. Akasikia nimekuja kupoa. Alishangaa, na baridi hii ya Juni, lakini akaniletea maji ya mtungi. Yakatiririka kidevuni hadi kwenye shati, wala sikuhisi. Nthenya alicheka. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 13 Juni
Ganzi imeisha. Ulimi una kidonda, kumbe jana niliutafuna pamoja na mandazi. Mutuku alienda kwa kina Nthenya kuposa jioni ile ile. S zake zote zilifika. Nthenya amesema atamjibu Jumapili.

Ijumaa, 14 Juni
Nthenya mwenyewe mlangoni pangu! Akasema, Ouma, hebu nishow ukweli, juzi ulikuwa unataka kusema nini? Aliuliza kwa upole. Ulimi wangu mzima kabisa, kila herufi ipo. Nikamwambia nilikuja kupoa. Akaniaga, akaenda.

Jumamosi, 15 Juni
Nimelia. Halafu nikalala, nikaamka na jibu. Kihara alilaza mshipa mmoja, hofu ikahamia kulia. Gego la kulia ni zima, lakini nitasema linauma. Leo adunge pande zote mbili.