Maiti wa Mstari wa Mbele

Jumatatu, 3 Juni

Mwaka wa tano tangu niondoke nyumbani. Nilimwacha mke wangu mjamzito, nikasema naenda mwaka mmoja tu. Mtoto sasa anatumwa dukani na hajawahi kuniona hata kwa picha.

Leo alfajiri tumetoka zamu kwenye ghala la saruji. Ukungu mzito. Sisi weupe kuanzia nywele hadi kucha, kila mtu anaburuta miguu yake. Langoni amesimama bwana mwenye kofia, anatutazama mdomo wazi. Akasema yeye ni mwongozaji wa filamu. Anatengeneza hadithi ya maiti wanaofufuka na kuwala walio hai, na ametafuta kila mahali watu wanaojua kutembea namna hii. Nikamwambia hatujui chochote, tumechoka. Akasema hicho hicho ndicho anachotaka.

Nimechukuliwa! Shemeji yangu pia, bahati mbaya. Ni kaka wa mke wangu, tunalala chumba kimoja, watu wanamwita Kidevu kwa sababu kinatangulia popote aendapo. Anadai mwendo uliosifiwa ni wake, mimi nimeuiga. Mwongo. Mimi nilikuwa mbele yake.

Mpango wangu ni huu. Gari la sinema hupita kwetu kila kiangazi na kutundika shuka uwanjani. Filamu hii nayo itafika. Mwanangu ataniona. Lazima niwe mstari wa mbele.

Jumanne, 4 Juni

Shamba lililoachwa, nyumba ya mbao, madirisha yamezibwa. Kazi yetu ni kutoka mitini, kuvuka majani na kwenda dirishani. Polepole. Mwongozaji anatukataza kuinua magoti. Nani ana nguvu ya kuinua magoti?

Mama wa Rangi ndiye anayetupaka. Unga na masizi. Amenipaka mpaka mama mzazi asingenijua. Hasara tupu! Mwanangu ataona unga, si baba.

Kunawa ni marufuku mpaka jioni, rangi ni haba. Kwa hiyo mchana tumekula tukiwa maiti. Tumekaa kwa safu kwenye nyasi, tumetafuna. Asubuhi mbwa wa mlinzi wa shamba alitubwekea hadi sauti ikamkauka. Sasa ametutazama, amefyata mkia, amekwenda zake.

Jumatano, 5 Juni

Kidevu amepewa ini la kuchemsha alile kama ini la mtu. Akaomba chumvi. Mwongozaji amefoka, mimi nimecheka moyoni, maana maiti hacheki.

Furaha haikudumu. Alasiri wametafuta mkono wa kuvunja ubao wa dirisha, wakauchagua wa Kidevu. Kamera itaonyesha mkono peke yake, karibu kabisa. Sasa anautembeza kama sahani ya mgeni. Jioni ameufunga kitambaa usichunike. Akaniambia, "Shemeji, wewe hangaika na uso wako. Mimi mkono unanitosha."

Tutaona.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya!

Nyuma ya nyumba kuna pipa la maji ya mvua. Kabla ya kuitwa nikapita huko na kipande cha sabuni. Nimesugua uso, nikarudia, nikajikausha kwa shati, nikaingia mstari wa mbele nikiwa mimi mwenyewe, baba mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kiunoni. Kamera ikasogea karibu mno, nikasikia ikisaga kama jino. Nikaitazama ndani ya jicho lake, nikamwita mwanangu kimoyomoyo.

Mwongozaji aliposimamisha kazi, watu wote walinigeukia. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe! Akaenda kwa Mama wa Rangi, akamshika mkono, akamwambia kazi yake ya leo imemtisha hata yeye.

Mama wa Rangi akanijia. Akapitisha kidole gumba shavuni mwangu, akakitazama. Kisafi. Akakifuta kwenye gauni hata hivyo, mara nyingi. Wakati wa chakula ameniwekea sahani kwenye kisiki na kurudi nyuma mpaka nilipoichukua.

Chumbani nimesimama mbele ya kioo. Kidevu akauliza natazama nini, si ndiyo sura yangu ya siku zote. Nimekigeuza kioo kitazame ukuta.

Jumapili, 9 Juni

Filamu imekwisha, tumerudi kwenye saruji. Nimejaribu kutembea haraka barabarani. Miguu imekataa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anakuja upande wangu, akavuka barabara mapema, kisha akamfunika mtoto uso kwa kanga.

Ijumaa, 15 Novemba

Filamu imetoka. Ukumbi umejaa pomoni. Ulipopita mkono wa Kidevu, akasimama na kutangaza kuwa ni wake. Akaambiwa akae, anaziba.

Kisha mimi. Uso wangu umejaa shuka zima. Waliokuwa wanacheka wakaacha. Mama mmoja wa mbele akabeba mkoba wake, akatoka.

Taa zilipowashwa nikaenda kusimama mlangoni, wanitambue. Nilijiandaa hata kupeana mikono. Watu wakapita kushoto na kulia kwangu kama unavyozunguka nguzo, wanaongea juu ya yule maiti wa mbele, hakuna aliyeinua macho. Nimebaki mpaka mfagiaji alipofagia hadi miguuni pangu. Akafagia pembeni, akaendelea.

Siku hizi vijana wote mtaani wanatembea vile. Kidevu anawafundisha. Anawaambia yeye ndiye mwanzilishi.

Jumapili, 16 Februari

Dereva wa lori amekuja na habari za nyumbani. Gari la sinema lilipita.

Mke wangu alikaa mbele, mtoto mapajani. Uso wangu ulipotokea alisimama, kisha akaketi chini, mchangani. Ukoo mzima ulikusanyika kwa mama kunililia. Wanasema mtu hawezi kuingia miongoni mwa wafu akiwa hai. Dereva akawaapia kwamba mimi ni mzima, amekula nami. Mke wangu hakubisha. Akamwambia, "Kama ni yeye, aje mchana."

Nikauliza, na mtoto? Dereva akachezea funguo zake. Mtoto aliuliza kama baba anaijua njia ya nyumbani. Hakuuliza kwa furaha. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayefunga mlango jua likielekea kuzama.

Kidevu aliposikia hakutania. Amekunja nguo zake, anaondoka kesho na lori. Ameniambia, "Shemeji, panda. Ukae na mtoto mchana kutwa mpaka akuzoee." Nafasi ipo, hapo hapo kati yake na dereva.

Nimewaambia watangulie. Mwongozaji amerudi, anatengeneza ya pili, na mstari wa mbele ni wangu peke yangu. Kosa la ile ya kwanza nimeligundua: sikutabasamu. Safari hii kamera ikifika karibu kabisa nitaonyesha meno yote, na nitatabasamu mpaka wanizime. Mwanangu akiona hivyo hofu itamtoka.

Narudi mwezi wa nne. Mvua zikituchelewesha, wa tano.